Niliyoyaona Tunduma: kuna barabara inayopita na kuna barabara inayofika

Niliingia Tunduma mwaka 2006 nikiwa nimemaliza fomu foo, nimetokea Mlowo, si mbali, nikaja kumsaidia mama mdogo ambae alikua na mgahawa wa mbao pembeni ya barabara kuu, pale malori yanapopanga foleni kusubiri kuvuka kwenda Nakonde upande wa Zambia. Wakati huo sisi bado ni mkoa wa Mbeya, Songwe haijazaliwa. Nilijua nakuja kupika, kumbe kazi yangu ya kwanza ilikua maji. Saa tisa usiku naamka, nabeba ndoo mbili, naenda kupanga foleni kisimani, narudi saa kumi na moja mama mdogo ameshawasha moto. Na muda wote huo ninapotembea gizani na ndoo kichwani, pembeni yangu kuna malori yamelala mstari mrefu, mengine yamebeba salfa na mafuta yanaenda Congo, mengine yamerudi na shaba yanaenda bandarini Dar, yani mali ambayo hata sikuweza kuihesabu kichwani, imekaa juu ya lami safi kabisa, mimi natafuta maji ya kuoshea sahani. Hiyo picha haijawahi kunitoka, na karibu kila ninachoandika hapa kimeanzia kwenye hiyo picha.

Nilikua naona serikali imetusahau. Kila mtu Tunduma alikua anasema hivo, na mimi nikasema hivo hivo. Ila ukikaa mahali miaka mingi unaanza kuona kwamba mambo sio kusahauliwa tu, kuna jinsi yalivyopangwa toka mwanzo.

Kuna mzee alikua jirani yetu, marehemu sasa, alifanya kazi ya ujenzi wa reli ya TAZARA akiwa kijana. Yeye ndio alinifundisha mji wetu ulizaliwaje. Alikua anasema, mjukuu wangu, hii reli haikujengwa kwa ajili ya Tunduma, ilijengwa ili Zambia ipumue. Novemba 1965 wale walowezi wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, walijitangazia uhuru wao, Zambia ambayo shaba yake ilikua inapitia kusini ikajikuta imebanwa, ndio Mwalimu na Kaunda wakatafuta njia ya kutokea Dar es Salaam. Likaja bomba la mafuta la TAZAMA mpaka Ndola, ikaja barabara kuu tunayoiita TANZAM, ikaja reli yenyewe, Wachina wakatoa mkopo usio na riba, ikajengwa kuanzia 1970 mpaka 1975, kilomita 1,860 toka Dar mpaka Kapiri Mposhi. Mzee alikua anaongea kuhusu ile reli kwa fahari kubwa na mimi namuelewa, ilikua kazi ya kuokoa nchi jirani. Ila ukiangalia vizuri, vitu vyote vitatu, bomba na lami na reli, vilibuniwa kubeba mzigo kutoka mwisho mmoja kwenda mwisho mwingine. Tunduma ilikua katikati, mahali pa kugonga muhuri. Mji ukaota hapo kwa sababu gari likisimama dereva ana njaa, ana usingizi, anataka kubadilisha hela, na sisi tukawepo kumpa hivyo vitu.

Kwa hiyo uchumi wetu wote ulikua ni uchumi wa kusubiri. Naomba hapa mnielewe maana ni jambo ambalo watu wa mbali hawalioni. Foleni ikiwa ndefu mpaka Mpemba, sisi tunashangilia. Dereva akikaa siku tatu anakula mara tisa. Gesti zinajaa, vijana wa kubadilisha kwacha, hela ya Zambia, wanapata, bodaboda anaepeleka madereva kwa wakala wa forodha na kuwarudisha anapata, utingo ananunua vocha, ananunua sabuni. Siku foleni ikienda haraka, mama mdogo anarudi nyumbani na sufuria ya maharage imejaa. Nakumbuka Januari 2013 Zambia walipokata sifuri tatu kwenye kwacha yao, kwa wiki kadhaa pale mpakani ilikua vurugu, noti za zamani na mpya zinatembea pamoja, wengine walilia kwa kudhulumiwa, lakini mama mdogo alifanya biashara nzuri sana kwa sababu kila mtu alikaa muda mrefu kuliko kawaida kuhakikisha hela zake. Tulikua tunaishi kwa shida ya mwenzetu bila kujua.

Nje ya ile lami moja sasa, mji ulikua vumbi na matope. Ukishuka tu mita mia kutoka barabara kuu, mvua ikinyesha bajaji haipiti. Mji unakua kila mwaka, sensa ya 2012 ilikuta Tunduma watu hawajafika laki moja, sensa ya 2022 ikakuta tumepita laki mbili, fikiria ndani ya miaka kumi, lakini mitaa ni ile ile ya kipindi tuko wachache.

Nilielewa sababu kwenye mkutano wa kata, 2018 kama sikosei. Kulikua na mtumishi mmoja alisimama akajibu swali la mama mmoja aliyeuliza kwa uchungu, inakuaje huu mpaka wetu na Zambia unaingiza mabilioni alafu mtaa wake hauna hata mtaro. Yule mtumishi hakukasirika, akaeleza taratibu. Kodi ya forodha inayokusanywa pale geti hailali Tunduma, inaenda Hazina, inagawanywa nchi nzima. Halmashauri inabaki na ushuru wa soko, ushuru wa huduma, leseni, ushuru wa mazao, vitu kama hivyo. Na barabara nazo zina wenyewe, barabara kuu ni ya TANROADS, barabara ya mtaani toka 2017 ni ya TARURA, na kwenye ile tozo ya mafuta tunayolipa kila lita, fungu kubwa la asilimia 70 lilikua linaenda TANROADS na TARURA asilimia 30. Nilitoka pale nimeduwaa. Maana yake lori la tani thelathini linapita kwenye barabara yenye mfuko mnene, mimi na mkokoteni wangu napita kwenye barabara yenye mfuko mwembamba, na mwenye kukusanya hela pale geti sio mwenye kunijengea mtaro. Mwaka 2021 serikali ikaongeza shilingi 100 kwenye kila lita kwa ajili ya barabara za TARURA na mimi nilifurahi kwa kweli, watu walilalamika bei ya mafuta lakini mimi nilisema ile mia moja ni yetu sisi wa pembeni.

Sijasema hela ya forodha ibaki yote kwetu, hapana. Ikibaki mpakani yote, wale wa Kishapu na Nachingwea wasio na mpaka watapata wapi dawa na walimu? Kugawana ndio nchi. Ninachosema ni kwamba mji unaobeba mzigo wa nchi nzima, magari, moshi, maji taka ya maelfu ya wageni, ajali, magonjwa, unatakiwa uhesabiwe na hao wageni wakati wa kupanga maji na choo na hospitali. Sensa inahesabu waliolala kwetu usiku mmoja. Lile kundi linalotembea kila wiki ya mwaka sijui nani anapanga maji yake, na sisi ndio tunachangia nao bomba.

Sasa nifike kwenye barabara iliyobadilisha maisha yangu, na sio ile kuu.

Barabara ya kwenda Sumbawanga. Walioipita zamani wanajua. Kilomita 223 toka Tunduma, masika ilikua unatoka asubuhi hujui utalala wapi. Mahindi ya Ufipa, huko Sumbawanga, yalikua mengi mno na hayana pa kwenda. Mwaka 2008 serikali ikasaini ule mkataba wa MCC, shirika la misaada la serikali ya Marekani, Rais Bush alikuja Dar Februari ile na Kikwete akiwepo, na ndani ya zile hela ilikuwemo lami ya Tunduma mpaka Sumbawanga, wakaigawa vipande vitatu, Tunduma mpaka Ikana, Ikana mpaka Laela, Laela mpaka Sumbawanga. Ilichukua miaka, wakandarasi, vumbi, michepuko, nikaona kama haitaisha. Mimi nilianza kununua mahindi Laela kabla lami haijakamilika, nimeweka akiba yangu ya mgahawani, na nitasema ukweli, kipindi kile sisi wanunuzi tuliwaonea wakulima. Hatukuona kama tunawaonea, tuliona ndio biashara, ila mkulima alikua hana njia. Fuso likifika kijijini kwake anajua likiondoka tupu halirudi wiki mbili, barabara mbovu, basi anakubali bei yoyote na lumbesa juu, gunia limefungwa kichwa kama mlima.

Lami ilipokamilika nilidhani mimi ndio nitatajirika sababu gari litaenda haraka. Nikashangaa. Msimu wa kwanza tu nikaenda kwa mzee mmoja niliyezoea kununua kwake, nikamsalimia, shikamoo baba, akaitikia vizuri, marahaba mwanangu karibu, akanikaribisha na uji, alafu akanitajia bei nikakaa kimya. Ilikua juu kuliko nilivyozoea kwa mbali sana. Nikamwambia baba mbona hivyo, akacheka akatoa simu mfukoni, akasema mwanangu mimi sasa najua Tunduma wanauzaje leo asubuhi, na basi linapita hapa barabarani, nikitaka napakia magunia yangu manne naenda mwenyewe. Siku ile faida yangu ilipungua na nikarudi nimenuna njia nzima. Lakini nilipofika Tunduma nikawaza, huyu mzee watoto wake wanasoma kwa hiyo tofauti. Na mimi nikajifunza kununua kwa mzani, nikaacha lumbesa, nikaongeza wingi wa mzigo badala ya kukaba bei, na ndio nikajenga.

Hapo ndipo nilipoona tofauti. Barabara kuu ilipita kwetu ikienda mbali. Barabara ya Sumbawanga ilifika kwa mtu. Zote ni lami, zote zimejengwa na serikali, unene labda unakaribiana, ila moja imeunganisha bandari na mgodi na nyingine imeunganisha shamba na soko. Ukiniuliza ipi imepunguza umaskini kwa macho yangu nilivyoona sitafikiria mara mbili.

Lakini lami peke yake nayo ilinifundisha adabu. Juni 2017 tumejaza stoo, mteja wangu Mkongo wa Lubumbashi ameshaahidi, serikali ikatangaza hakuna kupeleka mahindi nje, anaetaka kuuza nje asage auze unga. Nilikaa na mahindi nikiyaangalia. Wazo la unga lenyewe sio baya na mpaka leo nalikubali, kwa nini tuuze punje tukose pumba na ajira ya mashine. Nikaamua kutii, nikashirikiana na dada mmoja tukaweka mashine ya kusaga na kukoboa. Umeme ukawa mdogo, mchana mashine zinaguna tu haziendi, tunasaga usiku, na umeme wenyewe ukikatika unga uko nusu. Maji ya kuloweka na kuosha mahindi ndio yale yale ya kisima. Mifuko yenye nembo tunaagiza Mbeya. Cheti cha ubora ni safari na safari. Mpaka tunapata unga wa kueleweka, sehemu ya mahindi imeingia ukungu na mteja ameenda kwa mwingine. Nilipoteza hela nyingi mwaka ule, sitaki hata kuandika kiasi. Amri ilikua ya siku moja, vitu vya kuifanya amri iwezekane vinahitaji miaka. Kabla ya kumwambia mtu wa mpakani asage, umeme na maji vilitakiwa vimtangulie, na sheria ya kuuza nje ikae ijulikane msimu mzima sio katikati ya mavuno. Zuio lilipokuja kulegezwa mimi nilikua nimeshauza mashine.

Mwaka huo huo wa 2017 walishusha na ushuru wa mazao kutoka asilimia 5, mazao ya chakula yakawa 2 na ya biashara 3, na mzigo usiozidi tani moja ukawa hautozwi. Kama mfanyabiashara nilishukuru sana. Kama mkazi najua halmashauri ilipoteza mapato ambayo ndio yangechimba mtaro. Sijapata jibu la hilo mpaka leo, nina moyo wa pande mbili.

Oktoba 2019 ikaja OSBP, kituo cha pamoja cha mpakani, Rais Magufuli na Rais Lungu wakaja kuzindua, mji ulifurika. Utaratibu wake ni kwamba lori halikaguliwi mara mbili tena, ukienda Zambia unamalizana na maafisa wa nchi zote mbili ukiwa kule Nakonde, ukija huku unamalizana nao huku. Kwa nchi ni jambo kubwa, mizigo kwenda haraka maana yake bandari ya Dar inashindana na bandari nyingine. Nami naliunga mkono. Ila mama mdogo alikua kwenye lile kundi la watu waliokua wanaishi kwa kusubiri. Wateja wake wakaanza kupungua. Haikua siku zote, maana mtandao ukisumbua au upande wa pili wakiwa na shida foleni inarudi vile vile, lakini ile uhakika wa kila siku ilikatika. Alafu Mei 2020 ikaja korona, Zambia wakafunga mpaka wa Nakonde, siku zile chache zilitosha kumaliza mtaji wake. Alikaa kwenye benchi la mgahawa wake mtupu akaniambia, mwanangu, mimi nimepikia hii foleni miaka ishirini, hakuna mtu aliyekuja kuniuliza foleni ikiisha utapika wapi.

Nimelibeba hilo swali kwenye kila mkutano nilioenda tangu hapo. Wakati wa kupanga kituo kile wataalamu walihesabu malori na masaa, na walihesabu vizuri. Mama lishe, wabeba mizigo, wauza maji, vijana wa chenji, hao wanatoka kwenye ile foleni wanaenda wapi? Mimi nilipendekeza maegesho makubwa ya malori nje ya mji yenye vyoo na mabafu na vibanda vya chakula, dereva apumzike kwa hiari yake, halmashauri ikusanye ada yake pale ibaki kwetu, na kinamama wapangiwe kwanza kabla ya wenye mitaji mikubwa. Sio jambo la ajabu. Na stoo nzuri ya nafaka yenye mzani wa serikali. Mwaka 2024 Zambia walipopata ule ukame mkali, wakatangaza janga la kitaifa, na serikali yetu ikakubaliana kuwauzia tani 650,000 za mahindi, mimi niliona wazi kwamba nafasi kama ile mji wa mpakani ukiwa na stoo na mizani unashiriki, usipokua navyo unaangalia malori yakipita.

Kuna jambo moja linanigombanisha na wafanyabiashara wenzangu. Mwaka 2016 mkoa wa Songwe ulipoanzishwa makao makuu yakawekwa Vwawa, watu wa Tunduma walichukia, wakasema sisi ndio wakubwa sisi ndio wenye hela. Mimi pia nilichukia. Leo nikipita Vwawa naona mji umeamka, ofisi, nyumba za kupanga, na wale watu wa Mbozi hawalazimiki kuja kubanana Tunduma. Vivyo hivyo Kasesya, ule mpaka mwingine wa kuingia Zambia upande wa Rukwa kupitia Matai, wenzangu hawataki kusikia ukiwekwa lami maana eti utatunyang'anya magari. Mimi nawaambia acheni uwekwe. Mkulima wa Kalambo akiuza Kasesya kuna ubaya gani? Mji mmoja ukibebeshwa kila kitu unaumwa, maji hayatoshi, nyumba ghali, lori likiharibika katikati ya barabara hata gari la wagonjwa halipiti, hilo nimeliona kwa macho, mama mjamzito amekwama ndani ya bajaji katikati ya semi mbili, tukamshusha tukambeba kwa mikono. Kama kuna njia tatu za kuvuka, kila moja na mji wake mdogo wenye maji na zahanati, hakuna anaekufa kwa foleni.

Mama mdogo hakukaa Tunduma. Mwaka 2021 alihamia Laela, akakodi kibanda karibu na mnada, sababu siku ya mnada watu wanatoka Sumbawanga na Tunduma kwa lami ile ile wanakuja na hela, wakulima nao wana hela zao. Anapika wali na samaki wa Ziwa Rukwa. Nilimpitia juzi nikienda kununua mzigo nikamkuta hana hata nafasi ya kukaa, ameajiri wasichana wawili. Nikamuuliza mmoja wao yuko wapi mwenzako, akanijibu bila hata kuinua kichwa, kaenda kuchota maji dada, ametoka tangu alfajiri.